Kikombe cha Mama Georgette

Sipendi kusimulia habari hii, maana hata leo nikipita Panda, kambi ya wafanyakazi wa migodi nilikokulia, kuna wazee wanaoniuliza, kwa huruma kabisa, kama nyumbani kwetu hakuna aliyekufa. Lakini mwezi uliopita Rigo, binamu yangu wa Kolwezi, alinibana. Nilikuwa namlipia televisheni yake (nililala kwake muda mrefu mno, ilibidi), na kampuni yenyewe siku hizi huongeza kitu kidogo cha yatima juu ya malipo ya kila mwezi, usipokataa wanachukua tu. Rigo akaninyang'anya simu akifute. Nilipiga kelele kama mtu aliyekanyaga nyoka. Akanitazama. Basi ikabidi nimweleze.

Miaka ile ya tisini Likasi ilikuwa imenyamaza. Mitambo ilisimama, baba zetu waliamka alfajiri wakavaa kombinezo zao za kazi kwa mazoea tu, wakaenda kukaa mbele ya geti la kiwanda wakarudi mikono mitupu. Kilichobaki kuunguruma kambini kwetu kilikuwa mashine ya kusaga ya Mama Georgette, mama mnene mwenye sauti nene na moyo mnene zaidi. Kwa kuwa pesa zilikuwa zinaoza mfukoni, tulimlipa kwa mahindi mwanzo wa mwezi, naye akatusagia kila Jumamosi. Kisha gare, kituo cha treni, ikajaa watu, familia za Kikasai, majirani zetu wa jana waliofukuzwa majumbani mwao kwa sababu ya asili yao, wakingoja treni na magodoro na sufuria zao. Mama Georgette akatangaza mara moja tu: kuanzia leo, katika kila beseni nachota kikombe kimoja cha watu wa gare, asiyetaka aniambie, sitakasirika. (Amwambie wapi? Pale pale, mbele ya foleni nzima!) Hakuna aliyefungua mdomo. Nyumba moja tu haikuchotwa: nyumba yenye kilio, yaani msiba.

Sasa, kikombe kile kiliacha shimo katikati ya mlima wa unga, nami Jumamosi moja nilikuwa napeleka beseni la unga kwa mama yake Béa, msichana niliyetaka kumwoa. Béa! Nilikuwa nimepiga pasi suruali yangu ya pekee. Nilitaka unga wangu ufike umesimama kama kilima cha machimbo, mama mkwe aone kijana huyu hana upungufu. Kwa ajili ya shimo hilo, ndugu zangu, kwa ajili ya shimo hilo tu, niliinama sikioni kwa Mama Georgette nikanong'ona, nikitegemea kelele za mashine:

"Mama, ya kwetu usichote. Tuko na kilio."

Akazima mashine.

Kwa heshima ya marehemu! Foleni yote ikageuka.

"Mungu wangu! Nani alikufa, mutoto wangu?"

Nilitafuta mtu wa mbali. "Baba mukubwa Mulenga. Wa Kapolowe."

"Mulenga wa baiskeli? Yule wa kucheka-cheka? Aaa, Mungu anachukuaka bazuri tu!" Akafuta machozi kwa kitenge chenye unga, uso wote ukawa mweupe, akaniongezea vikombe viwili kutoka beseni lake mwenyewe. Nami nikapokea. Ningefanya nini?

Nikaenda kwa akina Béa na mlima wangu, nikasifiwa, nikala, nikapiga domo. Niliporudi nyumbani niliona kwa mbali mabenchi uani, moto umewashwa, wamama wameketi mikekani wakiimba nyimbo za msiba. Mama yangu alikuwa katikati, analia. Analia kweli. Na baba, ambaye Mulenga ni kaka yake wa pekee, alikuwa anapiga pampu tairi la baiskeli ya jirani aende Kapolowe kuzika. Nilikuwa nimemuua ndugu wa baba yangu kwa sababu ya shimo la unga.

Nikasogea nimwambie, lakini geti likafunguka: Béa na mama yake, wakiwa na kuni. Nikaenda kuwapokea kuni. Nyuma yao akaingia bibi kizee nisiyemjua, sufuria kichwani, viatu vya kiume miguuni. Alitoka gare. Akaiweka sufuria mbele ya mama.

"Mama, kila juma kikombe yenu inatufikiaka. Leo kilio ni kwenu. Tulikusanya kidogo kidogo, musikatae."

Ulikuwa unga. Ule ule, wa vikombe.

Nilimshika baba mkono wa pampu. "Papa," nikasema, "baba mukubwa..." na kengele ya baiskeli ikalia nje.

Baba mukubwa Mulenga, na magunia yake ya makaa. Aliona umati, akavua kofia, akaacha baiskeli ianguke, akaingia mikono kichwani kama desturi inavyotaka: "Yooo! Mudogo wangu! Mudogo wangu alikufa!" Alidhani ni baba. Baba akasimama na pampu yake. Wakatazamana.

"Si weye njo ulikufa?" baba akauliza.

"Minye? Siyakufa! Nani alisema?"

Wakakumbatiana wakilia, na watu wote, mmoja mmoja, wakanigeukia.

Nilisema yote, hata la shimo. Béa alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi wa gare alicheka zaidi, akipiga magoti yake kwa viganja. Baba mukubwa ndiye aliyetoa hukumu: kilio kikishakalishwa hakivunjwi bila chakula, na mpishi ni mimi. Nikasonga bukari, ugali wetu, kwa mwiko mrefu kama kasia, katika suruali ile ya pasi, wamama wakinizunguka na kuimba jina langu ndani ya wimbo wa msiba. Kisha nikabeba sufuria ya bukari hadi gare, kichwani, mchana kweupe, Mama Georgette mbele yangu akiwaambia wapita njia: "Mufu alifufuka! Huyu njo alimuuaka!"

Mama yake Béa naye alirudisha beseni langu. Katikati ya mlima alikuwa amechota shimo, kubwa, kwa kikombe chake mwenyewe. "Sasa," akasema, "inafanana na unga ya batu."

Rigo alicheka sana, akaniuliza kama baba mukubwa alinisamehe. Alinisamehe jioni ile ile. Lakini alipokufa kweli, miaka mingi baadaye, mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikakimbia Panda kuwapa habari. Walinisikiliza kwa adabu. Hakuna aliyelia. Mama Georgette, mzee sasa, akamtuma mtu kwa baiskeli Kapolowe kwanza, nami nikakaa uani peke yangu, nikimlilia mzee yule, nikingoja waniamini.

Nikachukua simu yangu mkononi mwa Rigo. Kile cha yatima nikakiacha palepale kilipo.