Umeme Upo, Si Tivii Inawaka?

Likizo yangu ya uzazi ilipokaribia kwisha, familia ya mume wangu ilikaa kikao kunijadili, nami nikiwa palepale, sebuleni kwangu Tegeta, namnyonyesha mtoto. Mwanangu alikuwa hapatani na maziwa ya kopo. Tulipomjaribishia alitapika, midomo ikamvimba, na daktari akayapiga marufuku. Kwa hiyo nikirudi kazini, kwenye kaunta ya hoteli huko Msasani, chakula chake kingekuwa maziwa yangu mwenyewe, niliyoyakamua na kuyagandisha. Mama mkwe, aliyekuja kukaa nasi amlee mjukuu wake, hakumung'unya maneno.

"Mie sijapata kuona. Maziwa ya kifua yanalazwa kwenye barafu kama vibua? Haya, fanya. Ila siku mtoto huyu akikosa maziwa kwa sababu ya hilo friza lako, kazi unaacha. Tumekubaliana?"

Mume wangu akatazama dari. Nikasema tumekubaliana. Nilisema kwa hasira, na kwa sababu kazi ile naipenda. Niliisotea, nikaanza kwa kutandika vitanda mpaka nikafika kaunta, na sikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya umeme unaoondoka bila kuaga.

Nisieleweke vibaya, Mama mkwe nilimheshimu na bado namheshimu. Nikitoka juani aliniamuru nikamue kidogo chini kwanza, ati maziwa yameshika joto, yatamuumiza mtoto tumbo. Nilikamua. Sikutaka kupigana naye kwa kila kitu. Nilitaka kushinda kwenye hili moja tu.

Nikanunua friza ndogo, na pamoja nayo plagi inayoongea na simu. Ni kidude cha kuenea kiganjani. Unakichomeka ukutani, friza unaichomeka juu yake, kisha chenyewe kinawasiliana na simu yako popote ulipo kupitia ruta ya nyumbani. Mwanzoni kilinitia wazimu. Umeme ukikatika, ruta nayo ilikufa, simu ikasema tu kwamba nyumba haipatikani. Bando likiisha, ilisema vilevile. Nikawa napiga simu nyumbani roho mkononi, kumbe ni bando. Ndipo nikaiangalia betri ambayo mume wangu aliinunua ili tusikose taa, feni na tivii, nikaihamishia ruta huko. Tangu siku hiyo, plagi ikizimika na ruta ikabaki hai, nilijua umeme wa nyumba umekwenda.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," Mama mkwe akasema. "Umejua umekatika, halafu? Utaurudisha kutoka Msasani?"

"Nitakuwa nimejua, Mama," nikamjibu. Hakupenda, na mimi sikusema ili apende.

Mambo yakaharibika Jumamosi moja ya mechi ya mpira ya watani wa jadi. Mimi nilikuwa zamu. Kaunta haturuhusiwi simu, zinakaa kabatini, na siku hiyo wageni walikuwa wengi hata chakula cha mchana nilikula jioni. Nilipofungua simu nikakuta ujumbe: plagi ya friza imezimika. Ulikuwa umeingia asubuhi, mara tu baada ya mimi kufika kazini. Ndani ya friza ile kulikuwa na maziwa ya wiki nzima iliyokuwa inakuja, na maziwa ya mama yakishayeyuka hayagandishwi tena.

Nikampigia mume wangu. Nyuma yake nilisikia kelele za wanaume.

"Umeme upo?"

"Upo, mke wangu. Si tivii inawaka? Tunaangalia mpira hapa."

"Hiyo ni betri."

"Betri wapi? Feni inazunguka, taa inawaka, kila kitu fresh."

Hapo nikaelewa, na damu ikanichemka. Betri ilifanya kazi yake vizuri mno, ikashika umeme ulipokatika bila hata taa kupepesa, na mle ndani hakuna mtu aliyejua. Nyumba nzima ilikuwa inapepewa na kufurahishwa, isipokuwa friza, ambayo haikuwa kwenye betri kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kuwa inastahili. Hata mimi sikudai. Nilidhani kujua kunatosha.

"Nenda chumbani," nikamwambia, "chomeka chaji kwenye ukuta."

Akaenda akiguna. Kisha, "Dah. Kweli haupo. Na sie soda zetu tumeziweka humo humo kwenye friza, nikadhani hazipati baridi kwa sababu tunafungua fungua."

"Chomoa tivii. Chomeka friza kwenye betri. Sasa hivi."

Betri ile haikuweza vyote viwili. Fundi alishatuonya kuwa ikizidiwa inalia na kuzima. Mume wangu akashusha sauti, akisogea mbali na wenzake. "Mke wangu, jamaa wamejaa hapa. Ndiyo kwanza kipindi cha pili kinaanza. Kikiisha tu, nachomeka."

Nikakata simu. Nilimuomba mwenzangu anishikie kaunta, nikachukua bodaboda. Barabara ya Bagamoyo nzima hadi Tegeta magari yalikuwa yamesimama, sie tukipenya katikati yake, nami nikilia kwa hasira ndani ya ile helmeti. Nililia kwa sababu nilijua nikishindwa leo hakuna atakayesema betri wala mpira. Watasema mama yake alikwenda kazini.

Sebule ilikuwa imefurika hadi mlangoni. Nikawapa shikamoo wakubwa, nikapita katikati ya miguu yao, nikachomoa tivii. Mtu mmoja alipiga yowe kama amekanyagwa. Kumbe palikuwa na penalti. Nikauburuta waya wa betri hadi jikoni, nikachomeka friza, nikasikia inaanza kuunguruma. Nikafungua mara moja tu. Pakiti za juu zilikuwa zimelainika. Za chini, chini ya chupa zao za soda, zilikuwa bado jiwe. Nikazitoa soda zote nikaziweka sakafuni.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mtoto mgongoni.

"Unazima mpira mbele ya wanaume? Wageni wa mumeo?"

"Ndiyo, Mama."

"Unakaa huko Msasani unatuchungulia kwa simu?"

"Ndiyo, Mama. Nachungulia nyumba yangu. Mpira wataurudia usiku kwenye taarifa ya habari. Maziwa haya hayana marudio."

Akaziangalia zile chupa za soda sakafuni. Wageni waliondoka mmoja mmoja kwenda kwa jirani mwenye jenereta, na mume wangu akaenda nao. Alininunia mpaka kesho yake, nikamwacha anune. Zile pakiti zilizolainika mtoto alizinywa siku hiyohiyo. Mama mkwe ndiye aliyemnywesha.

Jumatatu asubuhi nilivaa sare, nikabeba mkoba wangu. Nilitarajia kikao kingine. Mama mkwe alinifuata hadi getini na mtoto begani, uso umekunjamana.

"Leo umeme ukikatika usinipigie simu," akasema.

Nikaweka mkoba chini, tayari kwa vita.

"Mie nishajua pa kulichomeka hilo friza lako. Nenda, utachelewa kazini."