Mashine za Leokadia

Kiwanda cha kufuma vitambaa kilipofungwa hapa mjini kwetu Łódź, wenzake walililia mishahara. Shangazi yangu Leokadia alililia miguu yake.

Alizaliwa kiziwi. Zamani zile viwanda vilipenda kuajiri viziwi, kwa sababu kelele za mitambo zilizoharibu masikio ya wengine hazikuwa na cha kuharibu kwao. Leokadia aliingia akiwa msichana mwembamba, akasimama juu ya sakafu iliyokuwa ikitetema tangu asubuhi hadi jioni, na huko akazeekea. Mtetemo ulimpanda kupitia nyayo, ukapita magotini, ukatulia kifuani. Alipokuwa akirudi nyumbani bado ulikuwa naye, kama joto la jua linavyobaki ukutani baada ya jua kuzama.

Kisha siku moja swichi zikazimwa, na sakafu ikanyamaza.

"Dunia imelala," aliniambia kwa mikono. Mimi ni mtoto wa kaka yake, na lugha hiyo ya mikono niliijua kabla sijajua kushika kijiko. "Natembea juu ya kitu kilicholala, naogopa kukiamsha."

Kweli alitembea hivyo, polepole, kama mtu anayepita kwenye theluji ambayo hajaikanyaga mwingine. Alikuwa akienda kituo cha tramu bila safari yoyote. Anasimama karibu na reli, tramu inakuja, inapita ikitetemesha ardhi, naye hapandi. Madereva walimzoea. Mmoja alikuwa akimpungia mkono, akidhani anamsubiri mtu ambaye hafiki.

Siku mama mmoja wa mtaani alipokuwa anahama, Leokadia alikwenda kumsaidia kufunga vyombo. Jikoni palikuwa na mashine ya kufulia ya zamani sana, pipa jeupe la bati lenye sahani inayozunguka chini ya maji, na juu yake roli mbili za kukamulia kwa mkono. Ilikuwa inasubiri kutupwa. Leokadia aliijaza maji ya moto, akatia taulo mbili, akaichomeka kwenye umeme, akaweka kiganja juu ya mfuniko. Alisimama hapo mpaka maji yakapoa.

"Hii inaongea," aliniambia nilipokuja kumchukua.

"Inasema nini?"

"Haisemi kitu. Inaongea tu."

Tuliipandisha sisi wawili hadi kwake, ghorofa ya tatu, kwenye jengo la zamani la wafanyakazi wa viwandani. Sakafu zake ni za mbao ndefu, mashine ilipowashwa zikatetema zote, na Leokadia alishindwa kukaa kitini jioni ile. Alitembea pekupeku kutoka chumba hadi chumba akitabasamu.

Mimi ndiye niliyemfungulia akaunti kwenye mnada wa mtandaoni. Mnada wa kawaida ungemtesa, na yule mpiga mnada anayebwata na watu wanaopigiana kelele. Huku palikuwa na picha, namba na kimya.

"Kule wote ni viziwi," alisema, akafurahi kwa wiki nzima.

Jina lake la mnadani lilikuwa Nyayo. Kabla ya kuweka bei alimwandikia kila muuzaji swali lile lile: washa mashine, weka kiganja juu ya mfuniko, uniambie unahisi nini. Wengi hawakujibu. Mmoja aliandika, "Bibi, mimi nauza vyuma, sina ushairi." Mwingine akaandika, "Inatetema kama mkwe wangu akiombwa achangie umeme." Hiyo aliinunua papo hapo.

Zikaja moja baada ya nyingine, zimefungwa mablanketi. Moja ilitoka kwa masista wa nyumba ya watawa kule kusini, nzito, na mtetemo wake ulikuwa wa taratibu. Moja ilitoka Slovakia, yenye kidirisha cha mviringo mbele. Nyingine ilikuwa na pipa la shaba ndani, na ukiifungua chumba kizima kilipata rangi ya asali. Hakuzipanga kama makumbusho. Alifulia, mashuka hasa, yake na yangu.

Mchana, mashuka yakizunguka, alilala chini kifudifudi, shavu juu ya mbao, jua likichujwa na pazia. Nilikuwa nikitoka kazini nikimkuta hivyo. Mara nyingine nilivua viatu nikalala kando yake. Aliniambia ile ya masista ni kama mnyama mkubwa anayepumua zizini, na ile ya shaba ni mvua inayonyesha kijiji cha pili. Zikiwaka zote pamoja, alisema, anajiona anatembea katikati ya shamba la ngano, masuke yanamfika kiunoni, na hakuna anayemwita. Usingizi wake wa sakafuni ulikuwa mzito. Mara nyingi nilimfunika koti nikaondoka bila kumwamsha.

Siku ya shida nilikuwepo. Kengele ya mlango wake ni taa inayomulika, na ilimulika tukiwa tunakula supu. Alikuwa Bwana Walerian wa ghorofa ya pili, fundi saa mstaafu, mtu mstaarabu sana. Alivua kofia.

"Jagna, mwambie shangazi yako, kwa heshima zote, kwamba kule kwangu ni kama treni imeingia chumbani na haijui inateremka kituo gani."

Nikatafsiri. Leokadia aliweka kijiko chini. Akanitazama mimi, kisha yeye.

"Kwani zina kelele?"

Hapo ndipo mimi na Bwana Walerian tulipotazamana. Mimi nilizisikia siku zote, nikadhani anajua. Yeye naye alidhani hivyo hivyo.

"Sana?" Leokadia akauliza.

"Bibi Leokadia," alisema Walerian taratibu, "mimi na mke wangu tumeanza kuongea kwa mikono, kama ninyi."

Leokadia alicheka, halafu kicheko kikamkatikia usoni. "Tangu lini?"

"Tangu ile kubwa. Ile ya watawa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nilibisha hodi, hukunisikia. Kitufe cha hiyo taa nimekiona leo kwa mara ya kwanza." Akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Na pia ulionekana una raha sana ukipanda ngazi."

Leokadia alimkaribisha keki ya mbegu za mipopi, naye akaila kwa adabu. Kabla ya kuondoka aliomba aoneshwe. Leokadia akawasha ile ya shaba, akamshika kiganja na kukilaza juu ya mfuniko. Walerian alifumba macho.

"Naam," alisema baadaye. "Kuna kitu. Ukiziba masikio, kuna kitu kabisa."

Wakaelewana kwamba Leokadia aziwashe Alhamisi tu, mchana, Walerian na mkewe wakiwa kwa binti yao. Lakini Alhamisi ilipofika Leokadia hakuwasha. Ikapita nyingine. Nilipomuuliza, alijibu akiwa amegeukia dirishani, mikono karibu na kifua, kama anavyoongea akiwa na aibu. "Mtu aliteseka chini yangu nami nimelala juu yake naota ngano. Sasa nikilala haiji."

Majira ya baridi yote zilikaa kimya chini ya mablanketi yao. Akarudi kule kwenye kituo cha tramu.

Theluji ilipoyeyuka aliniomba niziweke zote mnadani, kwa pamoja, na niandike kwamba anayetaka vyuma chakavu asijisumbue. Nilipiga picha. Akazipangusa moja moja kwanza, hata zile roli.

Aliyeshinda aliitwa Ludomir, mfuga nyuki wa kijiji kimoja kupita mji wa Zgierz. Alikuja na gari linalovuta trela lenye nyasi kavu, akasimama katikati ya chumba, akageuka pande zote.

"Hizi zote?" aliniuliza.

"Zote. Ndivyo tangazo lilivyosema."

"Mimi niliona picha ya kwanza tu, nikabonyeza." Akajikuna shingo. "Nilitaka ya kufulia vitambaa vya kuchujia asali."

Nilipomtafsiria Leokadia, alikaa juu ya mashine ya Slovakia akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Ludomir naye akacheka, akiwa amempa mgongo, huku anasema jambo. Leokadia akamgonga begani.

"Mwambie anitazame akiongea."

"Samahani," alisema Ludomir, akageuka. "Ng'ombe wangu hawakuwa wakidai hivyo."

Angeweza kuondoka na moja. Lakini alizibeba zote, akisema alichobonyeza kimebonyezwa. Kwenye kila moja Leokadia alimweleza, nami nikatafsiri: hii usiijaze mpaka juu, ile mkanda wake ukilowa unateleza, ile ya watawa haipendi maji ya uvuguvugu. Ludomir alisikiliza mpaka akainua mikono.

"Binti, kabla sijavuka daraja nitakuwa nimesahau yote. Mwambie aje."

"Anasema uje," nikatafsiri.

"Lini?"

"Sasa," alisema Ludomir. "Mbele kuna nafasi."

Leokadia alinitazama kidogo, kisha akaenda kuvaa koti.

Jumamosi niliwafuata. Zizi la Ludomir halina ng'ombe tena. Alikuwa ameliwekea sakafu ya mbao ili akaushie mizinga, na kuzunguka pande zote ni mashamba tu, hakuna jirani anayesikia. Mashine zilikuwa zimesimama zimepeana migongo, zinafanya kazi. Leokadia alikuwa amelala chali katikati yake, mikono ameitandaza, vumbi la nyasi likielea juu yake kwenye mwanga. Ludomir alikaa mlangoni akiwa amevaa vile viziba masikio vya kukatia miti.

"Anasema yuko kwenye ngano," aliniambia kwa sauti ya juu mno. "Au amesema mkate. Bado sijaijua vizuri hiyo mikono yake."

Mwanzo Leokadia alikuwa akirudi Łódź kila Jumapili jioni. Baadaye ikawa mara moja moja. Mwaka uliofuata alirudisha funguo za nyumba, na mke wa Walerian akampelekea sufuria ya bigosi, kabichi iliyopikwa na nyama, kwa ajili ya safari. Wanawake wa kijijini wakazoea kuleta mablanketi yao kwa Leokadia. Ludomir anajifunza mikono vibaya vibaya, na hadi leo akitaka sabuni anaomba bata.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mashuka yalikuwa yamekauka kati ya mitufaha, na wawili hao walikuwa wanayakunja. Shuka hukunjwa na watu wawili, na Leokadia akiwa ameshika ncha zake hawezi kuongea. Kwa hiyo Ludomir aliongea yeye, polepole, uso ameuelekeza kwake, akimsimulia habari ya kundi la nyuki lililohama asubuhi. Leokadia alifuata midomo yake. Wakasogeleana, ncha zikakutana, wakaachana tena, nyasi ndefu zikiwafuta miguuni. Nami nikachukua kapu nikaingia ndani kuwatengea chai.