Spika ya Nyuma, Kushoto

Anayetaka kusema niliota na aseme sasa, amalize, kisha aniache nieleze. Sikuota. Jua lilikuwa halijazama, na mimi nilikuwa na bisibisi mkononi. Nani anaota ameshika bisibisi? Naeleza mara hii moja tu, maana nimechoka kuulizwa, na nimechoka zaidi kutoaminiwa.

Kazi yangu ni kufunga spika majumbani, zile za kumzunguka mtu: mbili mbele, moja chini ya televisheni, mbili nyuma ya makochi, na boksi la besi pembeni la kutikisa vikombe. Watu wanazinunua, wanazipanga zote mstari mmoja kama ndoo bombani, kisha wanalalamika kuwa wametapeliwa. Hapo ndipo ninapoitwa. Wateja wangu wote wana ugonjwa mmoja: mtu anataka helikopta ya filamu ipite juu ya kichwa chake, na huyo huyo akisikia panya darini halali.

Siku hizo nilikuwa hoi kuliko kawaida. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa miguu, na tunaishi naye Mpendae, mimi na dada yangu Asha. Mchana Asha anamuuguza, usiku mimi. Kusimama alikuwa hawezi, lakini sauti alikuwa nayo. Alikuwa akiniita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna mwingine anayelitumia, nami nikiitika "Naam, mama" kabla sijafumbua macho. Jina lenyewe sitalitaja hapa, na mkifika mwisho mtaniwia radhi. Ndivyo alivyotulea. Mtoto akiitwa akanyamaza, kwetu huyo hana adabu. Msemo wake haukumwisha mdomoni: kataa neno, usikatae wito. Yaani utakaloambiwa unaweza kulikataa, lakini kwanza itika.

Basi akanipigia simu kijana mmoja, Nassor, anayekaa na mama yake Mkunazini, ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe ya zamani. Alikuwa amemnunulia mama yake, Bi Zuwena, mtambo mzima ili afurahie tamthilia zake za Kituruki. Nilifika baada ya sala ya alasiri, nimelala kidogo mno, nataka nimalize nirudi nyumbani.

Kuna jambo nililiona mle ndani nikalidharau. Watu wa nyumba ile hawaitikiani. Bi Zuwena aliita kutoka chumbani, "Nassor", na Nassor, mtu mzima na ndevu zake, hakujibu. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mama yake, ndipo akasema, "Nimekuja." Baadaye Nassor naye akamwita mama yake, na yule bibi akaja kimya na mkongojo wake mpaka akaonekana. Nikasema moyoni, hawa wana kiburi hata wao kwa wao. Niliendelea na nyaya zangu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa msipoelewa kazi hamtaelewa kisa. Spika ukishazifunga lazima uzipime. Mtambo unatakiwa ujue kila spika iko umbali gani na masikio ya mtu aliyekaa, ili sauti zote zimfikie pamoja. Kwa hiyo unaweka kipaza sauti kidogo pale kwenye kochi, chumba kinanyamaza, na mtambo unatoa mlio kama mvua kwenye mabati, spika moja baada ya nyingine. Kipaza sauti kinasikia, mtambo unapiga hesabu, na umbali unaandikwa kwenye skrini.

Nikawaambia nahitaji kimya. Nassor akashuka kununua mikate. Bi Zuwena akaenda chumbani kwake, lakini mlangoni akageuka.

"Ukishamaliza, njoo unambie. Usin'ite."

"Haya, Bi Zuwena."

Nikadhani kichwa kinamuuma.

Nikawasha. Spika za mbele zikaja sawa, ya kati sawa, ya nyuma kulia sawa. Ya nyuma kushoto mtambo ukaandika mita kumi na tisa. Chumba chenyewe hakifiki mita sita, na nyuma ya spika ile kuna ukuta wa mawe mnene kama urefu wa mkono. Nikakagua nyaya, nyekundu penye nyekundu, nyeusi penye nyeusi. Nikapima tena. Mita kumi na moja. Niaminini, hata hapo sikuogopa. Nilikasirika tu, kama mtu yeyote anayetaka kwenda zake nyumbani. Nikapima mara ya tatu. Ikaandika nusu mita.

Nusu mita ni hapa na hapa. Spika ilikuwa kule ukutani, mimi niko kwenye kochi. Kitu gani kilikuwa nusu mita?

Nikazima mlio ule ili nifikiri. Na katika kimya kile, nyuma ya bega langu la kushoto, mama yangu akaniita.

Kwa jina lile lile. Wala si kwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile aliyokuwa akituitia tuache mpira turudi ndani, magharibi imeingia. Mngefanya nini nyinyi? Mimi sikufikiri. Mdomo ulifanya ulivyofunzwa.

"Naam, mama."

Kwenye skrini umbali ulikuwa umebadilika wenyewe: mita mbili na kidogo, kama inavyotakiwa. Kazi imekamilika, mtambo unasema. Niligeuka, nikaona ukuta tu na spika mpya yenye nailoni yake.

Bi Zuwena alikuwa ameshasimama mlangoni, maji ya udhu yanamchuruzika mikononi.

"Umemuitikia nani?"

"Mama... nimesikia mama ananiita."

"Mamako yuko wapi?"

"Mpendae."

Akakaa kwenye kochi taratibu. "Nassor hakukwambia? N'limwambia akwambie kabla hujaingia. Sisi humu hatuitiki mpaka tumuone anoita."

"Na mtu akiitika?"

"Anoita huondoka na sauti aliyokuitia. Mimi n'liitika nikiwa bibi harusi, nikidhani ni mume wangu. Marehemu kaishi na mimi umri wake wote, na kafa hajapata tena kuntaja jina." Akanishika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Ataita tena. Usimuitike mara ya pili. Mara ya pili hachukui sauti, anamchukua mwenye sauti."

Niliacha vifaa vyangu pale pale, nikapanda vespa.

Nilimkuta mama amekaa kitandani, anakunywa uji. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza mbona natoka jasho. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Nikasema, wazee na hadithi zao.

Kisha Asha akanivuta ukumbini. Akasema jua lilipokuwa linazama mama alifungua mdomo aulize kama nimerudi, akakwama kwenye jina langu, akabaki anatazama juu kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Usiku ule mama alitaka maji. Nilimsikia anahangaika na ulimi wake, halafu nikasikia kijiko kinagonga kikombe; ndivyo anavyoniita tangu siku ile.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, kimepita na neno moja moja. Sibishani na daktari, yeye kasoma. Lakini niambieni, ni kiharusi gani kinachomwachia jina la Asha, majina ya majirani, hata jina la paka, kikachukua langu peke yake? La utotoni halitoki, na la cheti cha kuzaliwa halitoki. Anajua mimi ni mwanawe. Ananishika uso, anajaribu, midomo inajipanga, kisha machozi yanamtoka. Nami namwambia, basi mama, usijichoshe.

Nassor alikuja kuniomba radhi. Alisema aliona haya kuniambia kabla. Fundi wa mitambo ya kisasa atamwona mshamba. Nilimsamehe, maana hata angeniambia ningemcheka. Spika za nyuma siku hizi nafunga nikilazimishwa, na kupima apime mwenye nyumba.

Yule aliyeniita kule Mkunazini hajaacha kuita. Kila jua likikaribia kuzama, popote nilipo, sokoni Mwanakwerekwe au juu ya ngazi nimeshika waya, ananiita nyuma ya bega la kushoto. Mwanzo niliogopa. Sasa, na hili ndilo linalonichosha kuliko yote, siogopi. Nasimamisha vespa pembeni nisikilize. Duniani hakuna tena pahala pengine ambapo mama yangu ananitaja jina. Ni sauti yake, nzima, yenye afya, na inanihitaji. Nauma meno mpaka taya zinauma. Miaka yote nilifunzwa nisikatae wito, na sasa uhai wa mama yangu umo katika kuukataa.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza. Ukiitwa na usiyemwona, hata kama ni sauti uliyonyonya nayo, funga mdomo. Inuka ukamtazame. Wakikuita huna adabu, waache waseme.

Jana magharibi nilikuwa nimekaa kizingitini nyumbani. Sauti ikaniita nyuma yangu, tamu, wazi, kama nina miaka saba. Wakati huo huo, ndani, kijiko kikagonga kikombe. Nilikaa pale kati ya viwili hivyo, na wallahi miguu ilikuwa mizito. Kisha niliinuka, nikaenda mpaka mlangoni kwa mama, nikasimama anione.

"Nimekuja," nikamwambia.