Ndoo ya Mama Makombo

Juzi nilipita nyuma ya mgahawa mmoja nikakutana na harufu ya makombo yaliyolala: wali uliochacha, maganda ya ndizi, maji ya samaki. Nilitema mate. Papo hapo nikawa nyumbani kwetu Chanika, nina miaka tisa, nimeziba pua kwa kola ya shati la shule.

Kila asubuhi alikuja mama mmoja na baiskeli kuchukua makombo ya kulishia nguruwe wake. Mtaa mzima tulimwita Mama Makombo, na mama yangu alimsalimia kwa mbali, kanga puani. Ndoo alibebewa hadi nje ya geti na Tatu, dada wetu wa kazi, aliyeletwa kutoka Newala kwa ahadi ya kufundishwa cherehani. Zaidi ya hapo Tatu hakuruhusiwa kwenda. Cherehani hakuiona, mshahara hakuuona, na ufunguo wa geti ulikaa kifuani mwa mama. Alikula ukoko wetu amesimama jikoni, nami niliona ni kawaida kabisa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukagua ndoo kwa kijiti kabla haijatoka, maana vijiko vyetu vilipotelea humo.

Asubuhi moja Tatu aliweka ndoo mbele yangu, Mama Makombo akisubiri getini. Chini ya maganda ulichungulia mfuko wa rambo uliofungwa fundo. Nikachomeka kijiti, funza mnene akaanza kukipanda, nikakitupa.

"Ushaangalia?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Nishaangalia, hamna kitu."

"Asante, mwanangu," Mama Makombo alisema taratibu.

Wakatoka, na Tatu hakurudi. Nguo zake zilikuwa ndani ya ule mfuko. Ukubwani nikasikia kwamba alifichwa siku mbili nyuma ya banda la nguruwe, mahali ambapo jirani yeyote asingekanyaga, kisha akapandishwa basi la kusini. Hakuwa wa kwanza. Yule mama aliwatoa mabinti kadhaa kwenye nyumba zetu, akitumia ndoo ileile, kwa kuwa alijua tunavyomwonea kinyaa.

Mpaka anafariki alikuwa akiwasimulia watu kwamba nilimwonea Tatu huruma. Natamani ingekuwa kweli. Nilidanganya kwa sababu nilimwonea kinyaa yule funza. Tatu alikula ukoko amesimama mbele ya macho yangu miaka miwili, na sikuona kinyaa hata siku moja.