Mwadhini na Redio Isiyotaja Jina

Wako mpaka leo hapa Magogoni wanaomtaja marehemu mume wangu Jumaa kwa jambo moja tu: yule aliyetulisha mchana wa Ramadhani. Mimi Mwanaima, mkewe kwa miaka thelathini na minne, nasema uongo ule una mwenyewe, na mwenyewe hakuwa Jumaa.

Jumaa alikuwa msusi wa vitanda vya kamba. Vidole vyake vilikuwa na sugu hata mtoto akishikwa naye hulia. Mwili hakuwa nao, lakini sauti Mungu alimpa. Wakati ule msikiti wetu haukuwa na kipaza sauti. Alisimama juu ya jiwe, akatia kidole sikioni, na adhana ikafika mpaka Frere Town, Wakristo wa huko wakijua saa kwake. Miaka kumi na tisa aliadhini, na mvua, na homa, bila ujira. Maneno mengine hakuwa nayo. Ukimtukana, alirudi kwenye kamba zake. Mwenye ulimi nyumbani ni mimi, na silikatai hilo.

Redio ilikuwa ya Ghalib, mwenye duka. Betri yake kubwa kama tofali, na waya umefungwa juu mnazini. Baada ya futari wanaume walikaa barazani kwake, na sisi wanawake uani kwa mkewe Barke, twasikia kila kitu dirishani. Ghalib akizungusha kutafuta habari katika masafa mafupi, alipita stesheni moja iliyotutia ajabu sote. Kwanza zumari, wimbo uleule mara tatu. Kisha mwanamke asoma hesabu kwa Kiarabu: saba, mbili, mbili, tisa. Asoma hivyo robo saa nzima, kisha kimya. Haisemi yatoka nchi gani wala haijitaji jina. Tukamwita Bibi Hesabu. Wengine walisema ni majini, wengine ni manowari za Mtongwe zasemezana. Hakuna aliyejua, na hata leo hakuna.

Ikaja Ramadhani ya mwaka wa sitini na mbili. Jioni ya mwezi ishirini na tisa mawingu yalifunga, mwezi haukuonekana. Na ada yetu ni kwamba Idd haitangazwi kwa uvumi. Aliyeuona mwezi huja mbele ya Maalim, akaulizwa yeye ni nani, mwana wa nani, aswali msikiti gani. Asiyejulikana hakubaliwi, hata akiapa. Lakini siku ile Maalim Khatibu alikuwa ameitwa mazikoni Mtongwe, na shauri likabaki kwa mwadhini.

Zumari ikalia. Bibi Hesabu hakusoma. Alisema mwanamume, maneno machache, redio ikikoroma, kisha kimya. Ghalib, ambaye babu yake alitoka Hadhramaut na hakutuacha tukasahau hata siku moja, akasema mwezi umeandama Misri.

Jumaa akamwuliza, "Imesema ni stesheni gani, Bwana Ghalib?"

"Ni Misri, yakhe. Nimeisikia ikijitaja. Au leo msuka vitanda ataka kunifunza Kiarabu?"

Baraza zima likacheka. Jumaa akainuka, akaenda juu ya jiwe lake, akaita takbiri ya Idd.

Mimi nilikuwa uani na sahani mkononi. Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani, lakini jina la Misri nalijua, na sikulisikia. Nikanyamaza, nikidhani mwenye Kiarabu chake ndiye ajuaye. Kimya kile kimeniuma zaidi ya uzazi.

Asubuhi tulivaa, tukaswali, tukala. Hata saa nne hazijatimia, wakaja jamaa kutoka Kisiwani, midomo imewakauka kwa saumu, wakatukuta na biriani. Huko mwezi haukuandama, na kadhi ameamuru kutimiza thelathini. Wachukuzi wa Kongowea walituzomea wiki nzima: enyi wala mchana, karibuni chakula.

Watu walipotafuta wa kumlaumu, Ghalib alisimama msikitini akasema yeye alitaja kusikia sauti tu, na Jumaa ndiye aliyefanya pupa. Wale wale waliocheka barazani wakatikisa vichwa. Jumaa akavuliwa uadhini, ukapewa kijana mwenye sauti ya beberu.

Nilimwambia mume wangu akajitetee. Akasema, "Aliyeita ni mimi, mama Tima. Sauti ilikuwa yangu." Akaendelea kusuka. Lakini kila wakati wa sala ulipoingia, kamba ilimponyoka, mkono ukapanda mpaka sikioni, akaukumbuka, akaushusha. Kila siku mara tano nilitazama hayo. Mtu alikuwa ananifia mbele ya macho, na Ghalib auza sukari.

Nikavaa buibui, nikaenda kwa Maalim Khatibu, nikamweleza. Akavuta ndevu, akasema mimi ni mke, na ushahidi wa mke kwa mumewe ni mzito kuupokea.

Nikamwambia, "Maalim, redio isiyo na jina wala baba mmeikubali, mkala mchana kwa neno lake. Mimi Mwanaima binti Mwinyihaji, uliyenifunza alifu kwa kiboko chako mwenyewe, wanikataa?"

Jioni ile Maalim alichukua fimbo yake akaenda kukaa barazani kwa Ghalib, akaomba Bibi Hesabu afunguliwe. Akasikiliza mpaka mwisho, akaaga. Kesho yake akarudi. Alirudi jioni saba. Ya saba, watu wamejaa, akasema kwa upole, "Bwana Ghalib, stesheni hii haijapata kujitaja. Wewe jina la Misri ulilitoa wapi?"

Ghalib akashughulika na betri. Kisha akasema labda siku ile ilijitaja yeye peke yake asikie.

Kutoka uani Barke akasema, "Haikujitaja, Maalim. Sote tulikuwapo." Mke wake mwenyewe, na huyo naye alikuwa amenyamaza siku arubaini.

Ijumaa Maalim aliyasema yote mimbarini, akaamuru uadhini urudi kwa mwenyewe. Ghalib akaja mlangoni kwetu na kilo mbili za tende, akasema yaliyopita si ndwele. Nilimjibu kwamba ndwele ni yake, aiuguze kwake, na tende zake nikamrudishia. Jumaa akanifinya kwa jicho. Akampa mkono, akamsamehe palepale, akatoka kwenda kuadhini alasiri. Sauti ilimkwama katikati kwa kukaa bure, akakohoa, akaendelea.

Kusamehe ni kwake Jumaa. Mimi hajaniomba mtu, na mpaka Ghalib anazikwa sukari nilinunua Kongowea, kwa miguu.