Suti ya Mtu wa Miaka Kumi Ijayo

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nilikuwa nimelala chali ndani ya mashine inayonguruma kama kinu cha kusagia mahindi, mshipi nimevuliwa kwa sababu ya chuma chake, suruali nimeishika kwa mkono mmoja. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, kabla kila mtu hajawa na simu ya kupiga picha. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Niliishi Hyattsville, huko Amerika, na mke wangu, Mama Kerubo, na nilisafisha sakafu katika chuo kimoja upande wa Fairfax.

Lakini kabla ya mashine, acha nikueleze habari za suti.

Nilikuwa na suti ya kijivu. Niliinunua mwaka wetu wa kwanza Amerika, ikakaa ndani ya sanduku chini ya kitanda, lebo ya dukani bado inaning'inia. Karibu kila Mkisii niliyemjua wakati huo alikuwa na sanduku kama hilo, maana sote tulikuwa tunarudi nyumbani baada ya miaka miwili. Miaka miwili ile ilikuwa na tabia ya kuvimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Suti haikuwa yangu hasa. Ilikuwa ya yule mimi atakayeshuka kwenye ndege, amenyooka, hana uchovu, jamaa wakimpokea kwa vigelegele.

Mama Kerubo alikuwa na ombi moja tu. Picha za harusi yetu ziliharibika, filamu iliingia mwanga, na tangu hapo hatukuwa na hata picha moja tukiwa wawili.

"Baba Kerubo," aliniambia karibu kila Jumamosi, "vaa hiyo suti twende studio."

Nami nilijibu vilevile kila mara. "Tutapigwa siku ya kurudi. Sasa hivi nina uso wa mtu wa zamu mbili."

Alirudi jikoni. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, na watu wakaidi alikuwa amewazoea.

Basi pale chuoni alikuwapo binti Mtanzania, jina lake Neema, aliyesomea mambo ya ubongo. Alinikuta nikipiga deki.

"Shikamoo, kaka."

Sisi Wakenya wa bara salamu hiyo hutukuta hatujajiandaa. Nilitafakari kwanza, ndipo nikasema marahaba.

"Natafuta watu wa kulala kwenye mashine kidogo," akasema. "Haiumi. Ukimaliza nakupa picha ya ubongo wako."

Picha ya ubongo wangu! Mwalimu wangu wa darasa la saba aliwahi kutangaza mbele ya watu kwamba sina. Nilikubali papo hapo.

Ndani ya mashine maneno yalinitokea mbele ya macho: mvumilivu, mchoyo, mcheshi. Nilitakiwa kubonyeza ndiyo au hapana. Kwanza nijifikirie mimi wa leo, kisha mimi wa miaka kumi ijayo, kisha mtu nisiyemjua kabisa. Kwa yule wa miaka kumi sikusita hata mara moja. Mvumilivu, ndiyo. Mchoyo, hapana. Nilimwona kabisa, na suti yake.

Baadaye Neema akanionyesha kwenye kompyuta. "Ulipojifikiria wewe wa leo, hapa mbele pamechangamka. Ulipomfikiria wewe wa baadaye, pametulia, karibu sawa na ulipomfikiria yule mtu baki."

"Haiwezekani," nikasema. "Huyo namjua. Hata suti nimemnunulia."

"Kiuno chake saizi gani?"

"Yangu."

"Ya lini, kaka?"

Nilishika suruali vizuri. Akanihurumia, akasema kichwa kimoja hakithibitishi kitu, ila watu wengi ndivyo walivyo: mtu akijiwaza mbele huko, ubongo wake humchukulia kama mgeni.

Nilirudi nyumbani na picha yangu nikaibandika ukutani, juu ya televisheni. Mama Kerubo akarudi kutoka kazini, akaitazama viatu vikiwa bado miguuni.

"Hii ni nini? Koliflawa?"

"Ni ubongo wangu."

"Nani amekupiga?"

"Binti mmoja pale chuoni."

Akaketi polepole. "Kwa hiyo umevua mshipi, ukalala, binti wa watu akakupiga picha mpaka ndani ya fuvu. Na mimi mkeo sina hata ya pua yako."

Nikamweleza yote, hata lile neno la mgeni. Alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akaacha kucheka.

"Huyo mgeni wako akifika," akauliza, "atataka kujua suti iko wapi, au atataka kujua mimi niko wapi?"

Jumamosi hiyohiyo tulikwenda Columbia Heights, kwa Mkongo mmoja aliyekuwa na studio nyuma ya duka la nywele. Niliitoa suti sandukuni. Kifungo cha suruali na tundu lake vilitazamana kwa mbali kama majirani waliokosana.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema Mama Kerubo, pini nne zikiwa kati ya meno yake. "Leo umeiona kwa macho."

"Papa, vuta tumbo!" Mkongo akapiga kelele. "Mama, usicheke kwanza! Ah, basi, cheka tu, inatoka muzuri!"

Katika picha ile nimebana pumzi kama mtu aliyeona nyoka, na lebo ya dukani inachungulia kwenye mkono wa koti. Yeye anacheka, kichwa chake begani mwangu.

Mama Kerubo nilimzika, mwaka wa nne sasa. Sitaongeza maneno hapo. Siku ya mazishi suti haikupita hata mabegani, nikaazima koti.

Yule mtu wa miaka kumi ijayo alifika, mwanangu, akapitiliza. Ni mimi. Suti hakuihitaji hata kidogo. Kila asubuhi anamtazama yule kijana aliyebana pumzi, anamwambia asante. Ile picha ya ubongo sijui iliishia wapi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yupo mgeni njiani anakuja kwako, ana jina lako na magoti yako. Usimwekee akiba ya nguo huku ukimnyima watu. Yatunze meno yako, atayatumia kutafunia. Na mtu wako akikuomba Jumamosi moja, usimwambie subiri nipendeze. Mpe ukiwa na uso uleule wa zamu mbili, maana ndio aliouomba.

Mungu akufikishe uzeeni taratibu, na huko ukute yule kijana uliyekuwa alikukumbuka. Na suruali ikikataa kufunga, awepo wa kukushikia pini.