Kidato cha Arobaini na Nne

Jefwa Karisa alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti, mwezi wa Mei mwaka 2016, baada ya kuanguka kutoka kwenye mnazi ulioloa mvua. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo alikuwa tena juu ya mnazi ule ule. Kati ya miezi hiyo hakumwomba mtu ushauri. Alikata kipande cha mwarobaini, mti usiopendwa na mchwa, akakichonga mwenyewe na kukifunga kwenye gutu lake kwa ukanda wa ngozi. Chini hakukitia unyayo, bali ncha nene mfano wa mchi. Kisha, akining'inia kwa kamba, akaizunguka minazi yake kumi na miwili pale Mtopanga na kuvichonga upya vidato vyote vya upande wa kushoto, yaani yale matundu anayoyakanyaga mgema apandapo, akavifanya vyembamba na vyenye kina, vya kuumeza mchi na kuushika. Wagema wenzake walicheka hadi Desemba. Kufikia Januari tembo lake lilikuwa likiuzwa kabla ya lao, na kicheko kikawaishia.

Mnazi uliokuwa mrefu kuliko yote aliurithi kwa babake. Ulikuwa na vidato arobaini na vinne, na ndio uliokuwa ukitoa tembo jingi zaidi. Lakini mnazi unaogemwa haujui likizo. Asubuhi, adhuhuri na jioni sharti upandwe, na ncha ya chipukizi la maua iparwe kwa kisu ili utomvu uendelee kudondoka kibuyuni. Ukiachwa siku tatu bila kuparwa, kidonda hukauka, na mgema hukaa miezi akingojea chipukizi jingine. Kwa miaka minane Jefwa hakuwahi kuuacha hata siku moja.

Wageni walimjia mwezi wa Februari mwaka jana, wakiwa wawili. Mansur alikuwa mhandisi mzaliwa wa Mkomani, aliyesomea ng'ambo na kurudi na kampuni iliyoitwa Mwili Bora, yenye ofisi Nyali. Samiha alikuwa msemaji wake, na alishika karatasi mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema Samiha.

"Marahaba. Tembo liko kwa mke wangu, nyuma ya nyumba."

"Hatunywi, mzee wangu," alisema Mansur. "Tumekuja kukuboresha."

"Nimeharibika wapi?"

Mansur aliutazama ule mti wa mwarobaini kwa jinsi mtu anavyotazama kitu kilichotapikwa na paka, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na mguu mweusi unaong'aa, wenye mota kwenye kifundo na betri kwenye muundi. Alieleza kwamba mguu huo una akili, kwamba husoma mishipa ya paja na kujua mtu anataka kwenda wapi kabla hajakwenda, na kwamba wakati utafika ambapo miguu ya nyama itaonekana kama taa ya koroboi.

"Wallahi, huu ni bora kuliko ule uliozaliwa nao," alisema. "Kuna mtu hapo Nyali, ana miguu yake miwili mizima, ameniuliza kama aweza kuukata mmoja avae huu."

"Mlete," alisema Jefwa. "Kisu ninacho."

Mansur alicheka kwa adabu. Samiha akaanza kujaza fomu: jina, umri, kazi. "Na kidato, mzee? Umefika kidato cha ngapi?"

"Cha arobaini na nne."

Wale wawili walitazamana. Samiha alitabasamu kama mtu anayemtabasamia mgonjwa, akaandika: *Hakusoma*. Jefwa alimaliza darasa la nane mwaka 1987, na aliyasoma maandishi hayo kichwa chini miguu juu. Aliona kwamba watu waliokuja kumboresha mgema hawakujua kidato ni nini, wala haikuwapitikia kuuliza.

Angewafukuza siku ile ile, lau si Kafedha, mkewe.

"Baba Nyale," alimwambia wageni walipoondoka, "huo mti wako ukiingia kanisani kila mtu hugeuka. Kong, kong, kong, kama anayebisha hodi kwa mdeni. Nami sijakuona ukipiga magoti tangu ulipoanguka. Nenda wakupe. Ni siku moja tu wamesema."

Jefwa akakubali. Nzai, jirani yake na mgema mwenzake, alikubali kumparia minazi kwa siku hiyo moja.

Huko Nyali walimlaza hotelini, ili waanze kazi mapema, wakamvisha fulana iliyoandikwa MTU ALIYEBORESHWA. Na kwa haki yake, kwenye sakafu mguu ule ulikuwa mguu. Jefwa alipanda na kushuka ngazi za hoteli bila kuchechemea. Alipiga magoti mara moja, peke yake chumbani, akakaa hivyo kwa muda, akamfikiria Kafedha. Lakini ile siku moja ikawa mbili, na ya pili ikazaa ya tatu, kwa sababu mguu ulihitaji kumzoea, na wageni wa Mansur, watakaomtazama akipanda mnazi kwa mguu mpya, walikuwa hawajawasili. Kila alipouliza atarudi lini, waliupima mguu. Yeye hakupimwa. Usiku waliuchomeka ukutani upate moto, naye akaruka kwa mguu mmoja kwenda msalani, mtu aliyeboreshwa.

Asubuhi ya siku ya tatu Nzai alipiga simu.

"Nimeiona picha yako. Fulana imeandikwa umeborongwa?"

"Umeboreshwa."

"Aa. Macho yangu haya. Sikiza bwana, kumi na mmoja nimeipara. Ule mrefu umenishinda. Vidato vyako vya kushoto havipokei vidole vya mtu. Nimefika cha kumi na tano nikashuka, nina watoto mimi."

"Tangu juzi haujaparwa?"

"Tangu ulipoondoka."

Jefwa alimwendea Mansur bustanini, mahali viti vilipokuwa vikipangwa, akamwambia kwamba sharti aende sasa hivi, mnazi wake unakufa.

"Saa moja tu, mzee wangu. Mnazi ni mnazi. Ukishaupanda huu mbele ya wageni, tutakupeleka kwa gari."

Saa moja iligeuka nne. Watu watano walihutubia. Mmoja, mwenye mwili wa mtu aliyechoka kwa kukaa, alisema kwamba binadamu ni rasimu tu. Jua likapita utosini, na adhuhuri ya kupara ikapita nalo. Hatimaye Samiha alishika kipaza sauti.

"Mzee Jefwa hakubahatika kufika hata kidato cha kwanza. Leo atapanda mnazi kwa kasi kuliko mtu mwenye miguu miwili!"

Walimpigia makofi hadi kwenye shina. Ulikuwa mnazi wa hoteli, uliopandwa kwa ajili ya kupendeza, laini kama nguzo ya stima. Jefwa aliuzunguka mara moja akiupapasa.

"Kidato cha kwanza kiko wapi?" aliuliza.

Samiha alidhani hakusikia vizuri. "Nini, mzee?"

"Umesema sikufika kidato cha kwanza. Nami natafuta. Mnazi huu hauna kidato cha kwanza, wala cha pili. Mgema atakanyaga nini, maneno yenu?" Alipapasa mahali ambapo tundu lingekuwa. "Tundu la kukanyagia hapa, hicho ndicho kidato. Nilikwambia vyangu ni arobaini na vinne, ukaandika sikusoma."

Wahudumu wa hoteli, wengi wao watu wa kwao Jefwa, walianza kuangua kicheko nyuma ya meza za vinywaji. Mansur alisogea karibu, uso umemwiva.

"Jaribu tu, mzee. Mguu utatafuta njia wenyewe. Una akili."

"Basi hauna haja nami." Jefwa aliketi kwenye nyasi, akaufungua mguu, akauegemeza kwenye shina mbele ya wageni wote. "Haya, msomi. Panda."

Akaungojea. Watu wakaungojea naye, wasijue kama wacheke. Mguu uliwaka taa ndogo ya kijani, ukalia mara mbili, ukaanguka ubavu. Jefwa akatoa mti wake wa mwarobaini kwenye kikapu alichokuja nacho kutoka nyumbani, akaufunga, akatoka kwa lango la mbele, kong, kong, kong, hadi kwa mwenye bodaboda.

Alifika Mtopanga alasiri. Hakuingia nyumbani. Aliupanda ule mrefu kidato baada ya kidato, mchi ukiingia na kutoka, na alipofika cha arobaini na nne akaipara ncha ya chipukizi mara tatu, kila mara akingoja. Ilikuwa kavu kama ukuni. Kibuyu kilikuwa na nzi.

"Vipi?" Kafedha aliuliza kutoka chini.

"Umekwisha."

Kafedha aliliegemea shina. Kisha akasema, "Ni mimi niliyekutuma."

"Nilikwenda kwa mguu wangu," Jefwa alijibu, "kabla hawajanipa wao." Akaanza kulikata lile chipukizi lililokufa.

Kampuni iliuzima mguu ule siku iyo hiyo, kisha ikaupeleka kwa Kafedha kama zawadi, ili wapigwe picha wakikabidhiana. Jumatatu iliyofuata ilibadili nia ikautaka, kwa kuwa fomu ilisema ni mali yake. Samiha alitumwa. Kafedha alimkabidhi ukiwa umefutwa vumbi na kufungwa kwa leso, akamwomba leso airudishe. Ilibaki sahihi ya Jefwa. Samiha alisimama chini ya mnazi mrefu, viatu vyake vikizama mchangani, akaita.

"Mzee! Uko wapi?"

Juu kule Jefwa alikuwa amelikuta chipukizi changa, la ukubwa wa kidole, akilisafishia njia. Hakutazama chini.

"Kidato cha arobaini na nne," alijibu. "Keti usubiri. Shule haijafungwa."